Programu huria: Kinachosomwa hazinani sicho kinachopakuliwa

Katika uhakiki wa matini, kabla ya kuuliza maana ya shairi twauliza nakala yake imetoka wapi. Nani aliinakili, kutoka kwa nani, na imetofautiana vipi na ile iliyomtoka mtunzi? Wanafunzi wa fasihi ya kale hulichoka swali hili upesi kwa sababu linawachelewesha kuufikia utamu. Hata hivyo, ndilo linalomtenga mhakiki na msomaji wa kawaida. Leo nataka kulipeleka mahali ambapo huenda hamkutarajia kumkuta mtu wa Kiswahili: kwenye programu huria, na hasa kwenye mafurushi ya msimbo chanzo ambayo wenye programu hizo huyaweka mtandaoni kila wanapotangaza toleo jipya, ili atakaye apakue.

Hoja yangu ni moja. Programu huria husifiwa kwa kuwa msimbo wake unasomeka na kila mtu. Sifa hiyo ni ya kweli, ila imebandikwa mahali pasipo pake. Kinachosomwa ni kile kilichomo katika hazina ya mradi, ilhali kinachofika katika tarakilishi za watu ni furushi, na furushi karibu halisomwi na yeyote.

Tuanze na maneno, maana hii ni safu ya lugha. Msimbo chanzo ni maandishi anayoyaandika mtaalamu kwa lugha ya programu, ambayo binadamu mwenzake anaweza kuyasoma, kabla hayajatafsiriwa hadi lugha ya mashine. Programu huwa huria leseni yake ikimruhusu yeyote kuitumia, kuusoma msimbo huo, kuubadilisha na kuusambaza. Huria si bure. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana zote mbili, na Richard Stallman, aliyeutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, amekuwa akiwaeleza watu tofauti hiyo tangu zama hizo. Sisi lugha yetu imetupa maneno mawili tayari, lakini ajabu ni kwamba bado nakutana na 'programu za bure' katika maandishi ya watu wanaokusudia programu huria. Stallman mwenyewe katikati ya miaka ya themanini aliuza programu yake ya Emacs kwenye utepe wa sumaku kwa dola 150. Aliyelipa alipata kitu huru kisicho cha bure!

Utepe huo ndio babu wa furushi la leo. Hata zana maarufu ya kufungia mafurushi hayo, tar, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, ilipata jina lake kwa kufupisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya hifadhi ya utepe. Tepe zimekwisha, jina limebaki. Si ajabu. Neno 'simu' tulilipata kutoka Kiajemi, ambako lilimaanisha waya, na leo twaliita hivyo dude lisilo na waya wowote.

Wapo wanaoliita furushi hili 'kumbukumbu' au 'nyaraka'. Sikubaliani nao. Maneno hayo yanatupa picha ya kitu kilichotunzwa na kuhakikiwa, kikapangwa rafuni na mkutubi. Furushi ni kitu kilichofungwa, na kilichofungwa kinaweza kutiwa kitu kabla fundo halijakazwa. Hapa istilahi si urembo. Ukiliita jambo kwa jina la heshima lisilostahili, unamlaza msomaji.

Sasa tuone kazi yenyewe inavyofanyika. Mradi wa programu huria huwa na hazina, yaani mahali msimbo unapowekwa pamoja na historia ya kila badiliko. Miradi mingi hutumia Git, zana aliyoiunda Linus Torvalds mwaka 2005. Humo kila mstari una jina la aliyeuandika, tarehe, na mara nyingi sababu. Siku ya toleo ikifika, msimamizi hukusanya faili, huzibana ziwe ndogo, huzitia sahihi ya kidijitali na kuliweka furushi mtandaoni. Wasimamizi wa mifumo kama Debian na Fedora hulichukua furushi hilo, hulitafsiri hadi lugha ya mashine na kulisambaza kwa mamilioni.

Wengi wetu hudhani kwamba furushi ni picha ya hazina ilivyokuwa siku hiyo. Kumbe mara nyingi siyo. Ipo desturi ya miongo mingi, hasa katika miradi iliyoandikwa kwa lugha ya C, ya kutia ndani ya furushi faili zisizokuwemo hazinani: skripti za matayarisho ambazo huzalishwa na zana nyingine, na kazi yake ni kuichunguza tarakilishi ya mpokeaji na kuamua msimbo utatafsiriwaje. Nia ilikuwa njema. Mpokeaji asilazimike kuwa na zana zote za fundi. Apate kitu kilicho tayari. Lakini skripti moja ya aina hiyo inaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya mistari iliyoandikwa na mashine, migumu kama jiwe la kusagia. Nani ataisoma?

Yupo aliyelijua hilo vizuri.

XZ ni programu ndogo ya kubana faili, iliyotunzwa kwa miaka mingi na Lasse Collin wa Ufini, bila malipo. Ni ndogo lakini imo karibu kila mahali Linux ilipo. Kuanzia mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kujitokeza na kusaidia. Mwaka uliofuata yakazuka majina mengine yaliyolalamika kwamba kazi inakwenda polepole, na kwamba Collin anapaswa kumpa mwingine nafasi. Collin alijibu kwamba huo ni mradi wa kujitolea usiolipwa. Hatimaye Jia Tan alipewa usimamizi pamoja naye, hata akawa ndiye anayefunga mafurushi na kuyatia sahihi. Jia Tan ni nani hasa, hadi leo hajafahamika hadharani.

Toleo 5.6.0 lilitoka tarehe 24 Februari 2024, na 5.6.1 likafuata tarehe 9 Machi. Ndani yake mlikuwa na mlango wa uani. Hebu tutazame ulivyojengwa, maana hapa ndipo penye somo la mhakiki. Msimbo wenyewe wa hila ulifichwa katika faili mbili za majaribio, zilizoonekana kama data iliyobanwa tu, na ambazo zilikuwemo hazinani mbele ya macho ya wote. Peke yake data hiyo haikuwa na madhara. Ilikuwa kama bunduki isiyo na kifyatulio. Kifyatulio kilikuwa mistari michache katika faili moja ya matayarisho iitwayo build-to-host.m4. Faili hiyo haikuwemo hazinani. Ilikuwemo ndani ya furushi pekee.

Angalieni ujanja huo. Faili yenye jina hilo hilo ipo kihalali katika mkusanyiko wa zana za GNU, na ni ya aina ile ambayo kila mtu hutarajia kuikuta kwenye furushi bila kuiona hazinani. Jia Tan hakubuni desturi mpya. Alijificha ndani ya desturi iliyokuwapo, sawa na mnakili anayechomeka beti zake katika dibaji ya dua, mahali ambapo msomaji hupapita haraka kwa sababu anajua panasemwa nini.

Furushi lilipofika kwa watengenezaji wa mifumo, kifyatulio kilijitazama kwanza: je, hapa ni Linux? Je, anayenitafsiri anatengeneza kifurushi cha mfumo kama Debian au Fedora? Kama sivyo, kilinyamaza. Kama ndivyo, kiliutoa msimbo wa hila katika zile faili za majaribio na kuutia ndani ya maktaba ya XZ. Mtu angeweza kuuliza, kubana faili kunahusianaje na usalama wa seva? OpenSSH, programu ambayo wasimamizi huitumia kuingia katika seva kutoka mbali, haiitumii XZ. Lakini baadhi ya mifumo huiunganisha na systemd, nayo systemd huitumia maktaba ya XZ. Kwa njia hiyo ya shemeji wa shemeji, mwenye ufunguo maalumu wa siri angeweza kuamrisha seva ya mtu bila nywila.

Aliyeligundua jambo hili hakuwa mlinzi wala mkaguzi. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi ya kazi yake nyingine. Akaona kwamba kuingia kwa SSH kunachukua muda wa ziada, kama nusu sekunde hivi, na kunailemea tarakilishi kuliko kawaida. Hakupuuza. Alifuatilia hadi akafika kwenye furushi, akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Wakati huo matoleo hayo yalikuwa yameingia katika mifumo ya majaribio ya Debian, Fedora na mingineyo, lakini hayakuwa yamefika katika mifumo imara inayotumiwa na seva nyingi duniani.

Watetezi wa programu huria walipumua wakasema: mnaona, uwazi umetuokoa. Nadharia yao ni kongwe. Eric Raymond aliieneza mwishoni mwa miaka ya tisini, ya kwamba macho yakiwa mengi hakuna kasoro itakayojificha. Wapinzani wao nao wakasema: mnaona, uwazi ndio uliomfungulia mwizi mlango. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeisoma matini vibaya. Macho mengi yalikuwapo, ila yalielekezwa hazinani. Uwazi ulimsaidia Freund kuthibitisha alichokishuku, hilo siwanyimi watetezi. Pasipo msimbo wa kusoma, angebaki na nusu sekunde yake na mashaka. Lakini hakuanza kwa kusoma. Alianza kwa kuhisi uzito wa kitu kilichokwisha kutafsiriwa. Kuhusu wapinzani, ninyi mnaonunua programu zilizofungwa kabisa, mbuzi wenu yumo ndani ya gunia daima. Hamna hazina ya kulinganishia.

Na sahihi je? Furushi lilikuwa na sahihi ya kidijitali, tena halali. Hapa lugha inatudanganya tena, kwa sababu 'sahihi' ni kwa maana ya saini na pia ni kwa maana ya kisicho na kosa. Sahihi ya kidijitali inathibitisha nani alilifunga furushi na kwamba halijaguswa tangu alifunge. Haithibitishi kilichomo. Ni kama barua yenye muhuri wa chifu: muhuri unakuambia barua imetoka ofisini mwa chifu. Kama yaliyoandikwa ni kweli au uongo, muhuri haujui.

Kisa kingine kilikuwa kinyume cha hiki. Tarehe 30 Januari 2023, GitHub, jukwaa linalohifadhi hazina nyingi za programu huria, lilibadilisha namna ya kubana yale mafurushi yanayojitengeneza yenyewe kutoka hazinani. Yaliyomo hayakubadilika hata herufi moja. Lakini ubanaji ulipobadilika, ile alama tambulishi ya faili, kwa mfano ile ya SHA-256 yenye tarakimu na herufi 64, ikawa nyingine kabisa. Miradi iliyokuwa imezinakili alama hizo ili kuhakikisha kwamba inapakua kile kile ikakwama mara moja, na GitHub ikalazimika kurudi nyuma. Kwa XZ muhuri ulikuwa mzuri na matini mbovu. Hapa matini ilikuwa nzima na muhuri ukavunjika. Katika visa vyote viwili watu walikuwa wakilipima gunia kwa kamba yake.

Nirudi kidogo nyumbani kwetu kwenye mashairi. Tungo za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840, hatukuzipokea kutoka mkononi mwake. Zilikusanywa baadaye katika karne hiyo na Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na mmishenari W. E. Taylor, William Hichens akazichapisha Johannesburg mwaka 1940, Mohamed Abdulaziz akazirudia na kuzifafanua katika kitabu chake cha 1979. Hati za Kiarabu zilizotumiwa kuandika Kiswahili zamani mara nyingi hazikutenga barabara 'o' na 'u', wala 'e' na 'i'. Kila aliyezihamisha hadi hati za Kirumi alilazimika kuamua. Irabu hizo ndizo faili zetu za matayarisho: hazimo katika chanzo, msomaji anazihitaji, na mnakili anamtilia kwa nia njema. Hatuzikatai. Tunachodai ni mnakili aseme wapi ameamua, ili anayekuja baada yake aweze kurejelea hati na kupima.

Tofauti ni kwamba irabu iliyokosewa katika shairi la Muyaka haimfungulii mtu mlango wa hospitali. Nalitaja hilo makusudi. OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioanza mwaka 2004, una mizizi yake Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Indiana. Wizara yetu ya Afya hukusanya takwimu kwa DHIS2, mfumo huria mwingine. Maktaba nyingi za vyuo vikuu nchini hutumia Koha. Chini ya mifumo ya namna hii, seva inapokuwa ya Linux, mmejaa programu ndogo ndogo za aina ya XZ ambazo aliyeziweka hata hajui majina yake. Sisemi kwamba mifumo hii iliguswa na kisa hicho. Nasema kwamba imesimama juu ya mafurushi, na kwamba hapa kwetu tunayapokea mafurushi kuliko tunavyoyafunga.

Yapo marekebisho, na mengine yalianza kabla ya XZ. PostgreSQL, mradi wake Freund, uliamua mnamo Novemba 2023 kuacha kutia faili zilizozalishwa, ili furushi liwe na kile tu kilichomo hazinani. Toleo la 17 lilipotoka Septemba 2024, anayetaka kulitafsiri alilazimika kuwa na zana zake mwenyewe. Daniel Stenberg wa Uswidi, mwenye curl, yeye amelibakiza furushi lenye faili zilizozalishwa, ila amelifanya liweze kufungwa upya na mtu yeyote kutoka hazinani na kutoka sawa, biti kwa biti. Binafsi naipenda zaidi njia hii ya pili. Inamwachia mpokeaji raha yake na kumpa mhakiki haki yake.

Nawasikia vijana wanaosema tuyafute kabisa mafurushi, kila mtu achukue moja kwa moja kutoka hazinani. Ngojeni kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, nyaya za baharini za intaneti hazikuwa zimefika pwani yetu ya Kenya; zilifika mwaka 2009. Furushi lilikuwa, na kwa wengi walio mbali na miji bado ni, njia pekee ya maana: unalipakua mara moja, unalitia kwenye diski, unampelekea mwenzako asiye na mtandao. Kumtaka mwalimu wa Lodwar apakue hazina nzima pamoja na historia ya miaka ishirini ya mabadiliko ni kumfungia nje ya huo uhuria wenyewe. Tena, tusijidanganye, zile faili mbili zilizobeba msimbo wa hila zilikuwemo hazinani. Kulinganisha nakala kungekifichua kifyatulio, si lazima bunduki. Na hakuna ulinganishaji utakaomwondolea mtu kama Collin mzigo wa kubeba peke yake kitu kinachotumiwa na dunia nzima.

Hata hivyo, kifyatulio kingefichuliwa kungetosha. Kazi yenyewe si ngumu: unalifungua furushi, unaichukua hazina kwenye alama ya toleo lile lile, unaiamuru mashine ikutolee tofauti, kisha unaketi nazo. Nyingi zitakuwa faili zilizozalishwa, na hapo ndipo inapohitajika subira, kwa sababu utapaswa kuzizalisha wewe mwenyewe na kulinganisha tena. Ningependa kuiona kazi hii katika mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya tarakilishi katika vyuo vyetu, mahali pa zoezi moja kati ya yale mengi ambapo mwanafunzi hufundishwa kupakua, kufungua na kusakinisha kwa amri tatu asizozielewa. Apewe programu ndogo inayotumika hapa nchini. Aandike ripoti ya kurasa mbili: nini kimo kwenye furushi na hakimo hazinani, kimetoka wapi, na nani alikitia. Aiandike kwa Kiswahili kama anaweza, maana istilahi hazikomai kwa kuorodheshwa kwenye kamusi. Na idara yake ikikosa mtu wa kumsahihishia sehemu ya 'nani alikitia', idara zetu za fasihi zina watu waliozeeka wakiuliza swali hilo.